Chupa ya Betlina

"Mgonjwa ni yupi?" aliuliza dada wa mapokezi bila kuinua macho kutoka kwenye kompyuta yake.

Emlain alikuwa amewashika binti zake wawili mikono, mmoja kulia, mwingine kushoto. Wote wawili walikuwa wanachemka homa. Wote wawili walikuwa wamekataa wali wa asubuhi kwa sababu kumeza kuliwaumiza. Walilala kitanda kimoja, wakaambukizana kitandani humo, na kwa jinsi walivyoinamisha shingo kama kuku walionyeshewa, hata mtu asiye na macho mazuri angejua kwamba wagonjwa ni wawili.

"Hawa," alisema Emlain.

"Kadi."

Emlain alitoa kadi ya bima ya Betlina, mdogo. Dada akazigonga namba zake kwenye kompyuta, uso ukamlainika. "Betlina, tumempata. Na huyu mkubwa?"

"Jorina. Dada yake."

"Kadi yake?"

Emlain alikuwa amelijua swali hilo tangu nyumbani, na tangu nyumbani alikuwa ameomba lisiulizwe. "Huyu alizaliwa Majuro," alisema.

"Majuro ndiyo wapi, Meksiko?"

"Visiwa vya Marshall."

"Ah, nyinyi." Dada akarudi kwenye kompyuta. "Watoto waliozaliwa huko visiwani hawamo kwenye bima. Huyu atalipa taslimu. Dola tisini kumwona daktari, vipimo mbali, dawa mbali. Unalipa leo?"

Pochini mwa Emlain hazikufika hata ishirini. Nyuma yake foleni ilikuwa ndefu, na watu walikuwa wameanza kuhema kwa kukosa subira.

"Basi tumwone mdogo peke yake?"

Emlain akanyanyua nyusi. Kwao kunyanyua nyusi ni kusema ndiyo. Mtu mzima hana haja ya kupoteza neno kwa jambo lililo wazi.

"Mama, nimekuuliza."

Akanyanyua tena, juu zaidi.

"Naomba unijibu kwa mdomo. Hapa hatusomi nyusi."

Mwanamume mmoja kwenye foleni akacheka. "Ndiyo," alisema Emlain, na neno hilo lilimtoka dogo kama la mtoto aliyekamatwa na kosa.

Chumbani kwa daktari, Betlina alipandishwa kitandani na Jorina akakalishwa kwenye kiti karibu na mlango. Daktari alikuwa kijana mwenye haraka. "Fungua mdomo, sema aaa," alimwambia Betlina. Betlina akafungua. Na Jorina naye, pale kwenye kiti, akafungua mdomo wake mpaka mwisho, akasema aaa, ili daktari akigeuka amwone.

Daktari aligeuka kweli. Alimtazama Jorina, kisha akamtazama nesi. Nesi akatikisa kichwa.

"Funga mdomo, kipenzi," nesi alimwambia Jorina, na alisema kwa upole, kwa maana hakuwa mtu mbaya. Ndivyo ilivyo nchi hii ya Marekani, wabaya huwaoni.

Betlina alipewa stika ya nyota ya kubandika shatini. Akauliza, "Na ya dada?" Nesi akasema hizo ni za wagonjwa tu. Betlina akaichana nyota katikati, akambandikia dada yake kipande.

Kisha ikaja chupa. Dawa ya maji, rangi ya waridi, yenye harufu ya peremende. "Kijiko kimoja asubuhi, kimoja jioni, siku kumi," alisema nesi. "Hata akipata nafuu, aimalize yote. Umenielewa?"

Emlain alikuwa ameshajifunza. "Ndiyo," alisema kwa mdomo.

* * *

Katika nyumba ya Emlain hakuna mtu aliyekula mwenzake akitazama. Hilo halikuwa somo la kanisani wala la shuleni, lilikuwa kama kuvua viatu mlangoni. Mtoto akionekana anatafuna biskuti uso ukiwa ukutani, aliitwa, akaivunja, hata kama kila mmoja angepata punje. Mgeni akiingia sufuria likiwa mekoni, maji yaliongezwa. Mama yake Emlain, Bibi Litokwa, alipenda kusema kwamba Wamarekani wanaweza kula aiskrimu mbele ya mtu aliyesimama, na kwamba yeye angeona haya kumfanyia hivyo hata paka.

Kwa hiyo jioni ile Emlain alipowakalisha mabinti kwenye mkeka wa mkadi, akafungua chupa, hakufikiri. Kijiko kwa Betlina. Kijiko kwa Jorina.

"Nesi kasemaje?" aliuliza Bibi.

"Kasema ya Betlina."

"Na huyu atazame?"

"Ndiyo maana nawapa wote, mama."

Asubuhi hivyo hivyo, jioni hivyo hivyo. Kabla ya juma kwisha chupa ilikuwa tupu, na wasichana walikuwa wanapigana mito na kuangusha vitu. Homa imekwenda, koo limenyamaza. Hertin, baba yao, aliporudi kutoka kiwandani aliwakuta wakimpigia makelele, naye akakaa kwenye sofa huku akijaribu kufunga na kufungua vidole. Kazi yake ilikuwa kutoa mifupa kwenye vidari vya kuku, mkanda ukienda mbio kama umeibiwa, na vidole vyake usiku vilikataa kukunjika.

"Wamepona?"

"Wamepona."

"Wote?"

"Wote. Kwa chupa moja," alisema Emlain.

Hertin akacheka. "Basi tumewapiga chenga hawa Wazungu."

Na Emlain naye akacheka, akajiona mwerevu. Lakini baadaye, akiwa anaosha vyombo, akauliza, "Baba Jorina, ile bima ya kiwandani kwani haiwezekani kumtia?"

"Wakinikata ya mtoto pale nitakuwa nawakatia kuku bure. Nimekwambia."

"Mchango wa msiba wa mjomba wako ulipatikana."

"Ulitaka mjomba wangu azikwe na nani, na serikali?"

"Mtoto wa Dwayne hapo chini ana kadi. Na Dwayne tangu kiangazi yuko kwenye baraza anakunywa bia."

"Dwayne hakuzaliwa Majuro."

"Kodi analipa?"

"Kodi nalipa mimi," alisema Hertin. "Ya kwangu na ya Dwayne. Hebu nipe maji ya moto niloweke hizi mikono."

* * *

Goti la Jorina lilivimba majuma machache baadaye. Emlain alidhani ameanguka. Siku ya pili goti lilikuwa sawa, kikauma kifundo cha mguu. Kisha mkono. Bibi alimkanda kwa mafuta ya nazi, na kila mahali alipopakanda maumivu yalihama, kama panya anayefukuzwa chumba kwa chumba.

Mwalimu wa michezo akapiga simu. "Mama, Jorina hataki kukimbia. Jana kasema goti, leo kasema kifundo. Mimi nina watoto, nawajua. Akiona mpira maumivu yanakuja, kengele ya chakula ikilia yanakwenda."

"Nitasema naye," alisema Emlain.

Akasema naye. "Usinitie aibu shuleni," alimwambia, na Jorina, mtoto mpole ambaye hakuwahi kumbishia mtu mzima, akanyanyua nyusi. Ukweli ni kwamba Emlain alitaka sana mwalimu awe amesema kweli. Uongo wa mtoto hautibiwi kwa dola tisini.

Kesho yake Jorina alikimbia. Alikimbia raundi zote alizoambiwa, akarudi nyumbani akalala na viatu.

Jumamosi ikawa kemem ya mtoto wa binamu yake Hertin. Kemem ni sherehe ya mtoto kutimiza mwaka, na kwao ni kubwa kuliko harusi, kwa sababu huko nyuma wengi hawakuutimiza. Ukumbi wa kanisa ulijaa. Magunia ya mchele yalipangwa kama ukuta, nguruwe wawili, samaki, kuku wasiohesabika, shelisheli lililotoka visiwani kwenye boksi la barafu. Wanawake walivaa magauni mapana ya kitambaa kimoja, maua kwenye nywele. Kikundi cha wasichana wadogo kiliingia kwa mistari kikicheza, na watu wakawa wanawarushia peremende na kuwashikiza noti za dola mabegani.

Jorina alikuwa mstari wa mbele, Betlina nyuma yake. Bibi Litokwa ndiye aliyeona kwanza.

"Emlain. Mtazame midomo."

Midomo ya mtoto ilikuwa imegeuka rangi ya majivu. Bado alikuwa anacheza, kwa sababu hakuambiwa aache. Moyo wake ulionekana, ulikuwa unagonga gauni kwa ndani kana kwamba kuna kitu kimefungiwa humo. Kisha akakaa chini katikati ya mstari, taratibu, kama mtu aliyekumbuka kwamba amechoka, na wenzake wakampita pembeni wakiendelea kucheza.

"Ita ambulensi," alisema mtu.

"Hapana," alisema Hertin, ambaye tayari alikuwa amemwinua mtoto. "Ambulensi watatutoza mpaka tuuze gari. Leteni pikapu."

Watu wazima, wenye akili zao, waliompenda mtoto yule, wakamlaza kwenye kiti cha nyuma cha pikapu kati ya bibi yake na mfuko wa peremende, wakasimama kwenye kila taa nyekundu ya mji wa Springdale, kwa sababu gari lililobeba mtoto bila kadi linasimama kwenye taa kama gari linalokwenda kununua mkate. Mtu asiwacheke. Wao walijua bei ya kila kitu, na hilo ndilo walilofundishwa.

* * *

Hospitalini walimpokea. Dharura hawakatai, sheria inawabana. Wakamwekea oksijeni, wakamtoboa mkono, wakampaka ute kifuani na kuutazama moyo wake kwenye kioo cha mashine. Siku ya pili akaja daktari wa moyo, mzee wa Kizungu mwenye miwani ya kamba, na Mama Mchungaji akaitwa kutafsiri.

Mama Mchungaji alikuwa mke wa mchungaji wao, mwanamke wa heshima, na hakuna aliyejua Kiingereza kama yeye. Watu walimpenda kwa sababu maneno makali yalipopita mdomoni mwake yalitoka laini. Daktari alipomwambia mtu "utakufa ukiendelea kula hivi", Mama Mchungaji alisema "daktari anakuombea upunguze mchele". Na mgonjwa aliposema "huyu mtu ni mjinga", yeye alisema "anakushukuru kwa muda wako". Hivyo wote waliachana kwa amani, na hakuna kilichobadilika.

"Mwambie ni homa ya baridi yabisi," alisema daktari. "Inaanzia kooni. Koo lisipotibiwa mpaka mwisho, mwili unajigeukia wenyewe, unapiga viungo, halafu unapiga moyo. Vilango vya moyo wake havifungi sawasawa. Je, aliumwa koo hivi karibuni?"

Mama Mchungaji akatafsiri. Emlain akanyanyua nyusi.

"Ndiyo," alisema Mama Mchungaji.

"Alipewa dawa?"

Emlain akaeleza. Alieleza yote, chupa, kijiko, mkeka, akiwa ameangalia mikono yake. Hakuona kwamba kuna la kuficha. Alipomaliza, daktari alivua miwani.

"Kwa hiyo aligawa," alisema. "Hakuna mtoto aliyepata dozi kamili. Mwambie hicho ni kitu cha hatari sana alichofanya. Mwambie dawa si chakula. Kama huyu mtoto angepata chupa yake nzima, pengine leo asingekuwa hapa."

Mama Mchungaji akashika goti la Emlain. "Daktari anasema," alianza kwa Kimarshall, kwa sauti ya kubembeleza, "kwamba safari nyingine ni vizuri zaidi kila mtoto awe na dawa yake."

Kazi ya Emlain ilikuwa kufua mashuka ya hoteli, na kwa Wazungu wanaozungumza mbele ya mfuaji kana kwamba hayupo alikuwa amejifunza Kiingereza kingi kuliko alichoweza kukisema. Alikuwa amesikia kila neno.

"Mama Mchungaji, kwa heshima yako," alisema. "Usitie sukari. Mimi nimemsikia. Sasa na yeye anisikie. Muulize hivi, kama nitakavyosema. Muulize, hiyo chupa nzima ya Jorina ilikuwa wapi?"

"Emlain, mwanangu, daktari huyu hana kosa."

"Sijasema ana kosa. Muulize ilikuwa duka gani. Nilikuwa na watoto wawili mbele ya daktari mwenzake, chumba kimoja. Mmoja alifungua mdomo akaambiwa afunge. Yeye anasema nimegawa. Muulize nani alianza kugawa."

Mama Mchungaji akatazama dirisha. Bibi Litokwa, aliyekuwa amekaa miguuni pa kitanda, akasema bila kugeuka, "Ukishindwa kuyasema, mke wa mchungaji, nitayasema mimi kwa mikono."

Basi Mama Mchungaji akayasema. Yalimtoka kwa shida, moja moja, kama anayetema kokwa, na alipofika mwisho masikio yake yalikuwa mekundu. Daktari akavaa miwani, akavua tena.

"Sijui," alisema.

Hilo halikuhitaji tafsiri. Na lilikuwa neno la kweli pekee walilopewa katika jengo lile, ila halikuweza kuingia kwenye kijiko.

"Kuna jambo jingine," alisema daktari, sauti sasa imeshuka. "Yule mdogo naye hakumaliza dozi. Nataka atazamwe moyo leo leo."

Saa ile ile Betlina akachukuliwa. Nesi aliuliza kadi, kadi ikakubali, mlango ukafunguka. Wakampaka ute kifuani, wakautazama moyo wake kwenye kioo kwa pande zote, wakampa juisi, wakampa dubu wa manyoya. Moyo wake ulikuwa mzima kabisa. Akarudi akiwa amemkumbatia dubu, akampa Jorina, na Jorina akamlaza juu ya kifua kile ambacho hakuna aliyejua nani atakilipia.

* * *

"Sindano ya penisilini kila mwezi mpaka awe mtu mzima," alisema dada wa ofisi ya malipo akisoma kwenye kioo cha kompyuta. "Daktari wa moyo kila baada ya miezi mitatu. Na wameandika uwezekano wa upasuaji." Alikuwa na kikombe kilichoandikwa neno la kumshukuru Mungu, na sauti ya mtu anayependa watu. "Dharura tumeshaitibu. Kuanzia hapa, daktari wa moyo anataka malipo ya awali. Mmejaribu bima ya watoto ya jimbo?"

"Wanasema hayumo," alisema Hertin. Alikuwa amekuja moja kwa moja kutoka kazini, na alikaa mbali na meza kwa sababu alijua ananuka kuku.

"Yuko nchini kihalali?"

"Sisi sote. Tunaingia kwa pasipoti zetu, hatuhitaji hata viza. Ni mkataba wa nchi zetu mbili. Nyinyi mnachukua bahari yetu kujaribia makombora yenu, sisi tunakuja kuwakatia kuku."

Dada akatabasamu kwa wasiwasi. "Ni mkimbizi labda? Maana wakimbizi wamo."

"Si mkimbizi."

"Ana kadi ya kijani?"

"Hana."

"Na aliyezaliwa hapa yumo," alisema dada, kama mtu anayejumlisha hesabu. "Kwa hiyo ni huyu tu."

"Ni huyu tu na wenzake wote," alisema Emlain. "Mtaa wetu mzima, waliozaliwa huku wana meno, waliozaliwa kule meno yao yameoza. Ukitaka kujua mtoto kazaliwa wapi mwambie acheke."

"Nawaelewa, kweli nawaelewa. Nimefikiria." Dada akasogea mbele. "Huko kwenu, sindano hii si hutolewa bure? Pengine kwa faida ya mtoto mwenyewe, arudi."

Hapo Bibi Litokwa alisimama. Alikuwa mfupi, mnene, mwenye magoti mabaya, na tangu waingie alikuwa amekaa. Akafungua skafu shingoni. Chini ya koo lake kulikuwa na kovu refu la kukingama, la zamani, lililong'aa kama uzi wa nailoni.

"Mwambie," alimwambia Emlain. "Mimi nilikuwa mdogo kuliko Jorina walipolipua bomu lao la nyuklia visiwani kwetu. Majivu yakatudondokea, tukayachezea, tukadhani ni ile theluji wanayoisimulia wamishonari. Baada ya hapo wakaja na meli. Kila mwaka walikuja. Wakatutoa damu, wakatupiga picha na namba kifuani, wakasema fungua mdomo, nikafungua. Wakanikata hapa. Hakuna aliyeniomba kadi. Hakuna aliyeniuliza nimezaliwa wapi. Walijua nimezaliwa wapi, ndiyo maana walikuja."

Emlain akatafsiri mwenyewe, kwa Kiingereza chake cha mashuka, na Kiingereza hicho hakikuwa na sukari.

Dada wa malipo macho yalimjaa maji. Alikuwa na moyo, hilo lisemwe. "Pole sana, bibi," alisema. "Pole sana kweli. Ila humu kwenye kompyuta hakuna mahali pa kuyaandika hayo."

"Najua," alisema Bibi akifunga skafu yake. "Hata kule kwenye meli hawakuyaandika niliyosema. Waliandika uzito."

* * *

Waliondoka mwezi wa tatu, Jorina na Bibi. Kanisa lilichanga nauli, nyimbo ziliimbwa uwanja wa ndege, mashada ya maua ya plastiki yakavishwa. Majuro kulikuwa na kliniki, na kwenye kliniki kulikuwa na nesi na sindano ya kila mwezi. Upasuaji ukihitajika, wangeona. Miaka tisa nyuma Hertin alikuwa amembeba mtoto huyo huyo kupanda ndege ya kuja, akiwa amewaambia watu wote kwamba anampeleka kwenye nchi yenye madaktari.

Betlina alibaki na kitanda kizima peke yake. Alilala ukingoni, upande wake.

Haukupita muda koo likamshika tena. Safari hii Emlain hakushika mikono miwili. Dada wa mapokezi alikuwa yule yule. "Mgonjwa ni huyu?" aliuliza, na hakukuwa na shida yoyote, foleni haikuhema. Chupa ilikuwa ile ile ya rangi ya waridi. "Siku kumi, amalize yote," alisema nesi, na Emlain akamtazama mpaka nesi akashusha macho.

Jioni alimpa mwenyewe. Asubuhi alikuwa ameshatoka kwenda kwenye mashuka, kwa hiyo Betlina alijinywea kabla ya basi la shule. "Umekunywa?" Emlain aliuliza kila siku kwa simu kabla basi halijafika, na jioni aliuliza tena ana kwa ana, na Betlina akanyanyua nyusi.

Pembeni ya sofa lilikuwepo boksi la kupeleka Majuro. Kila nyumba ya kwao ina boksi kama hilo, halifungwi mpaka lijae. Nyama za makopo, sabuni, mchele, ndala. Jumapili moja mchana Emlain alikuwa anapanga boksi hilo upya ili ndala za Bibi zienee, akashika soksi moja ya Jorina iliyokuwa nzito. Ndani yake kulikuwa na chupa ndogo ya soda, imefungwa kizibo na kuzungushiwa mpira wa nywele. Kilichokuwa ndani kilikuwa cha rangi ya waridi.

Hakuita kwa sauti. "Betlina. Njoo."

Mtoto akaja, akaiona chupa, akasimama.

"Hii nini?"

"Ya Jorina."

"Imetoka wapi?"

"Asubuhi nakunywa nusu kijiko. Nusu namwekea." Akasema hivyo bila woga, kama anayeeleza mahali alipoweka ufagio. Hakuona kwamba kuna la kuficha. "Yeye hana kadi, mama. Na boksi bado halijajaa."

Emlain alikaa chini kwenye mkeka. Alijua angetakiwa kumkumbatia. Badala yake hasira ilimpanda, na kwa kuwa hakuna hata mmoja wa wale iliyowahusu aliyekuwa chumbani mle, alikuwepo mtoto wa miaka minane tu, aliikamata kwa meno akaishikilia.

Akaimwaga ile ya kwenye soda sinkini, kwa sababu ilikuwa imeshachacha. Akafungua friji, akatoa chupa halisi. Akajaza kijiko mpaka ukingoni.

"Fungua mdomo."

"Nimeshakunywa."

"Umekunywa nusu. Fungua."

"Hiyo nyingine ni ya Jorina."

"Najua ni ya nani."

Betlina akakaza midomo. Alikuwa na macho ya bibi yake. Emlain akamshika kidevu kwa mkono uliozoea kukamua mashuka, akamfungua mdomo kwa nguvu, akamimina. Nyingine ilimwagika kidevuni. Akaikusanya kwa ukingo wa kijiko, tone kwa tone, akairudisha ndani, akamziba mdomo kwa kiganja mpaka aliposikia koo limepanda na kushuka.

"Na kesho utakunywa yote," alisema, "na kesho kutwa, mpaka iishe. Na mtu yeyote asikuambie kwamba mimi ndiye niliyekufundisha kutogawa."

Betlina hakunyanyua nyusi. Alimwangalia mama yake, machozi na dawa vikimtiririka shingoni, kisha akageuka akatazama ukuta, kama wanavyofanya watu wa nyumba ile wanapokula kitu ambacho hawawezi kukigawa.